Niuze nyumba ya Nkuhungu nihamie mbele ya Kwa Mtoro?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 43, mjane, nina watoto wawili. Naishi Nkuhungu, hapa Dodoma Jiji, kwenye nyumba ya vyumba vitatu tuliyojenga na marehemu mume wangu zamani mtaa huu ulipokuwa na mashamba ya mtama kuliko nyumba. Kazi yangu ni kushona. Sare za shule ndizo zinazonilisha. Kuanzia Desemba mpaka katikati ya Januari silali, miezi mingine nabahatisha magauni ya harusi na kupunguza suruali.

Machi mwaka huu nilikwenda harusini wilaya ya Chemba, kijiji kimoja kilicho mbele ya Kwa Mtoro, kwa mtoto wa rafiki yangu wa siku nyingi. Nilikaa wiki nzima. Shangazi, tangu nifiwe ilikuwa mara yangu ya kwanza kulala usiku kucha bila kushtuka. Hakuna muziki, hakuna honi za bodaboda. Kutoka nyumba hii hadi ile ni mwendo wa robo saa. Alizeti zimechanua, lambo limejaa, mbuzi wamenenepa, maziwa nikiletewa kwa jagi na hakuna anayetaka hela. Nilijiona mtu.

Sasa kuna mzee pale anauza ekari 20. Bei ya ekari moja, kwa Dodoma hainunui hata tripu moja ya mchanga. Anasema ni pori tu, halina mtu, nikilipa mwenyekiti wa kitongoji anatugongea muhuri na mambo yanakwisha siku hiyohiyo. Nimepiga hesabu: nikiuza nyumba hii nanunua shamba, najenga vyumba viwili vya bati, nanunua mbuzi na mizinga ya nyuki, na akiba inabaki. Dalali ameshaleta mteja wa fedha taslimu. Anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi.

Kaka yangu aliposikia alinijia juu. Akasema mtu aliyezoea bomba uani anakwendaje kugombea maji na ng'ombe? Mwanangu wa kiume yuko kidato cha pili, bweni, hajasema kitu. Wa kike ana miaka saba, yuko darasa la pili, na swali lake ni moja tu: kule kuna mbwa? Mimi nina presha, nameza dawa kila siku, ila haijawahi kunilaza.

Halafu nyuma ya nyumba yangu mwaka jana wamefungua baa. Muziki mpaka alfajiri. Nimelalamika mtaani mpaka nimechoka.

Naogopa isije ikawa huzuni ndiyo inayonituma. Naogopa vilevile nikibaki nitazeekea kwenye kola za watoto wa watu. Nishauri, niuze niende?

Mshonaji wa Nkuhungu

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kuondokewa, na pole kwa hiyo baa.

Nikujibu kwanza, maelezo yafuate. Nyumba usiuze. Kwenda, unaweza kwenda. Hayo ni mambo mawili tofauti, na aliyeyafunga pamoja ni dalali, maana kwenye kwenda kwako yeye hana kamisheni.

Kuna neno umeliandika ukalipita haraka: "tuliyojenga na marehemu." Hukutaja mirathi. Je, ulikwenda mahakamani ukateuliwa kuwa msimamizi? Kama ulikwenda na shauri likafungwa vizuri, nisamehe kwa kukurudisha nyuma. Kama bado, nyumba hiyo huwezi kuiuza kama mali yako peke yako, kwa kuwa wanao wawili wana haki ndani yake, na ndugu wa marehemu wanaweza kuamka siku yoyote wakaweka pingamizi. Mteja mwenye fedha taslimu na haraka ya mwisho wa mwezi hatakuuliza hayo. Atayauliza baadaye, akiwa na wakili. Anzia Mahakama ya Mwanzo, uende na cheti cha kifo, cheti cha ndoa na muhtasari wa kikao cha ukoo. Hata ukiamua kubaki Nkuhungu hadi uzee, jambo hilo lifanyike.

Sasa tuje Chemba. Umeiona Machi, na Machi kila mtu anaipenda. Kanda yetu ya kati ina msimu mmoja wa mvua, unaanza kuelekea Desemba na kukata Aprili, na kwa mwaka mzima tunapata kama milimita 500 hadi 600. Hata ndani ya msimu wenyewe, Februari mvua inaweza kukatika wiki mbili tatu na mazao yakasinyaa shambani. Kuanzia Mei hadi Novemba usitegemee kitu. Lambo ulilolikuta limejaa lirudie mwezi wa kumi. Utakuta tope lililopasuka na nyayo za ng'ombe. Wanawake watakuwa wameshuka kwenye korongo la mchanga, mmoja amefukua shimo refu kuliko yeye, amechuchumaa chini anachota kwa kikombe maji yanayochuruzika, na kujaza ndoo moja kunaweza kuchukua nusu saa. Juu ya shimo kuna punda watatu wenye madumu na foleni ya watu wanaojuana kwa majina.

Labda kijiji hicho kina kisima kirefu. Vizuri. Uliza mambo ambayo mgeni wa harusi haulizi. Pampu inaendeshwa kwa dizeli au kwa sola? Mara ya mwisho iliharibika lini, na watu walikaa siku ngapi wakisubiri fundi? Fedha ya ndoo inakusanywa na nani? Onja maji yenyewe, sehemu nyingi za Dodoma na Singida maji ya chini yana chumvi, na wewe una presha. Toka hapo upime kwa miguu kutoka bombani hadi kwenye hizo ekari 20, na urudi na ndoo kichwani. Kaka yako kasema kwa ukali, lakini swali lake la maji ni la haki.

Hilo neno la mzee, "pori tu, halina mtu", nalisikia mara nyingi na kila mara linanitia wasiwasi. Kweli watu ni wachache. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 3,085,625 katika mkoa mzima wa Dodoma, wastani wa kama 75 kwa kilometa moja ya mraba, na humo wamo watu zaidi ya 760,000 wa Jiji peke yake. Ukitoa Jiji, wastani unashuka kufikia kama 60, na mbele ya Kwa Mtoro utahisi ni wachache zaidi ya hapo. Lakini uchache wa watu haumaanishi ardhi haina wenyewe. Hiyo ni nchi ya Wasandawe, watu wa asali na mawindo tangu zamani, na mzinga ukining'inia juu ya mti ujue mti huo una mtu. Wako wafugaji wanaopita na makundi yao kiangazi, na hilo "pori" la Machi huenda ndilo malisho yao ya Septemba. Ukishalima na kuweka uzio wa miba, utakutana nao. Hapo jirani Kiteto mwaka 2014 ugomvi wa namna hiyo wa ardhi uliua watu.

Kwa hiyo usilipe kwa muhuri wa kitongoji. Nenda ofisi ya kijiji, umwombe mtendaji akuonyeshe mpango wa matumizi ya ardhi kama upo, uone eneo hilo limetengwa kwa kilimo, malisho au hifadhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imeipa halmashauri ya kijiji kazi ya kusimamia ardhi hiyo, na kumgawia mtu kunahitaji Mkutano Mkuu wa kijiji uridhie. Omba jambo lako liingie kwenye muhtasari, ulisikie likisomwa mbele ya watu. Mke na watoto wa mzee wawepo na waweke sahihi. Siku ya kukagua mipaka waje majirani wa pande zote nne. Lengo lako liwe hati ya hakimiliki ya kimila yenye jina lako. Atakayekwambia mwanamke hamiliki, na mjane ndiyo kabisa, mjibu kwamba sheria hiyohiyo inampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanaume. Mzee akikataa utaratibu huu kwa sababu "unachelewesha", muage kwa heshima.

Na kwa nini ekari 20? Nani atazipalilia? Hapa ndipo watu wa mjini tunapokosea hesabu: tunatazama bei ya ardhi, tunasahau kwamba mahali penye watu wachache mikono ndiyo adimu. Wiki ya palizi kila kaya iko shambani kwake. Kibarua utakayempata atakuja akishamaliza la kwake, na la kwako litakuwa limeshamezwa na majani. Mtama na uwele ndiyo mazao yanayoivumilia nchi ile, lakini yakikaribia kukomaa kwelea kwelea wanashuka kwa maelfu, na lazima mtu ashinde shambani kuanzia alfajiri akiwafukuza. Ukisema utalima alizeti tu, bei yake inayumba, wakulima wa Singida na Dodoma waliilalamikia sana mwaka 2023. Mahindi ni bahati nasibu, na ukiyapata uyakaushe juu ya turubai na kuyahifadhi makavu kabisa. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu wa nafaka, iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Na uliza habari za tembo, maana Pori la Akiba la Swagaswaga liko upande huohuo.

Kuna jambo lingine katika barua yako ambalo nadhani hukuliona. Msimu wako wa sare ni Desemba hadi katikati ya Januari. Huo ndio msimu wa kupanda na wa palizi ya kwanza. Huwezi kuwa kwenye cherehani Nkuhungu na shambani Chemba wiki hizohizo. Ukihama moja kwa moja unapoteza kipato ulichonacho hakika kwa ajili ya kipato kinachotegemea mvua. Wengi wanarudi mjini kwa sababu hii wakisingizia upweke.

Ila cherehani yenyewe ndiyo inayonifanya nisikukataze. Mkulima mgeni kijijini ni mzigo kwa miaka miwili ya kwanza. Mshonaji mgeni anapokewa wiki ya kwanza. Chukua ya kukanyaga, usitegemee ya umeme. Kuunganishiwa umeme kijijini ni shilingi 27,000, lakini hiyo ni kwa aliye karibu na nguzo, na nguzo nyingi huishia senta. Siku ya mnada unakaa chini ya mti, watu wanakuja na nguo zilizochanika na vitenge vipya. Jua tu kwamba fedha ina msimu. Juni na Julai baada ya mavuno watalipa taslimu. Februari watakwambia "tuandikie", na utaandika, kwa sababu hao ndio watakaokukodishia punda wa maji.

Na ndio watakaokubeba. Nikuulize bila kukutisha: presha ikipanda saa nane usiku, jirani yako yuko robo saa kwa miguu na wewe una binti wa miaka saba, nani atasikia? Ulilala vizuri, ndiyo, lakini ulilala kwenye nyumba ya mwenyeji iliyojaa wageni wa harusi. Peke yako kwenye ekari 20, kila fisi akipita nyuma ya ukuta utakuwa umekaa kitandani. Ndiyo maana nakwambia hata ukihama, usijenge shambani. Panga au jenga senta, karibu na shule, zahanati na kisima, shambani uende kwa miguu au kwa baiskeli. Zahanati yenyewe uiingie. Usiulize kama ipo, uliza kama dawa yako ipo, kwa jina lake, na ikikosekana wanakuelekeza wapi na usafiri ni upi. Mvua ikinyesha kweli makorongo hufunga njia, basi halipiti na bodaboda anakataa. Dawa za miezi miwili ziwe ndani muda wote.

Binti hana shida na Chemba, ana shida na umbali. Kama shule iliyo karibu ni shikizi, yaani ya madarasa ya chini tu kabla hawajahamia shule mama, ujue atafika darasa fulani na safari itarefuka. Mwulize mwalimu mkuu, na uhesabu walimu waliopo. Kijana wa bweni naye mwulize kwa sauti, usichukue ukimya wake kuwa ndiyo. Nyumba mnayoizungumzia ni ya baba yake.

Unaogopa huzuni ndiyo inayokutuma. Inawezekana imo, sioni ubaya wake. Mtu aliyefiwa ana haki ya kutafuta mahali pa kupumua. Nachokuomba ni usiiachie huzuni isaini mkataba wa mauziano. Na sehemu nyingine ya barua yako haina huzuni kabisa, ina baa. Baa inatibika kwa kuhama mtaa. Jiji hili lina pembe ambazo usiku ni mkimya kama kijijini. Hombolo wanalima zabibu, Mpunguzi kadhalika, na zote unafika kwa daladala. Kabla ya kuvuka wilaya nzima, nenda ukalale Hombolo kwa mtu unayemfahamu ujue kama kilichokuponya Machi kilikuwa Chemba au kilikuwa kimya tu.

Ukiona bado ni Chemba, fanya hivi. Mwezi wa kumi nenda bila harusi, ukae wiki mbili, binti abaki kwa mjomba wake (ukimwomba kaka hilo utakuwa umemaliza na ugomvi). Chota maji mwenyewe. Hudhuria msiba ukitokea, usikae na wageni, ingia jikoni na wenzio. Salimia wazee kwanza, na ujibu wakikuuliza wewe ni wa nani, maana mjane aliyekuja peke yake atasemwa kabla hajafika, na dawa yake ni kuonekana. Desemba rudi ushone sare zako kama kawaida. Kwenye fedha hiyo kodi ekari mbili kule, si ishirini, mwachie rafiki yako apande kwa makubaliano mliyoyaandika. Sare zikiisha, Februari nenda na cherehani ya kukanyaga, ukae pale mvua ikikatika uone watu wanavyotazama juu. Juni uvune ulichovuna, ushone mnadani, uhesabu.

Kipindi hicho nyumba ya Nkuhungu ikiwa na mpangaji, kodi yake ndiyo itakayolipa ada, nauli na dawa. Watumishi wanatafuta nyumba Dodoma kila siku, baa ikiwepo au isiwepo. Na siku kijiji kikikukataa, au wewe ukikikataa, una mlango wa kurudia. Aliyeuza hana.

Baada ya mavuno, kama maji umeyazoea, mkutano wa kijiji umelisikia jina lako, dawa inapatikana na binti anakwenda shule bila kulia, basi nunua. Ekari tano zinatosha. Fedha ya kununua utaipata kwenye kodi na cherehani, taratibu, bila kugusa nyumba ya watoto.

Na jibu kwa binti: kule kuna mbwa, wengi, na wakali. Akifika asikimbie.

Kesho asubuhi mpigie dalali, umwambie mteja wake atafute nyumba nyingine. Akikushusha moyo kwamba bei hii haitarudi, mkatie simu.

Shangazi